Rubani Hakuujua Mnada Wetu

Wazee wa ukoo wetu mliokuja leo, shikamooni. Wengine wote nawasalimu. Mwaka mzima nimekaa kiti kile cha mwisho nikiwasikiliza wafiwa wenzangu wa kikundi hiki, na kila nilipoitwa nilisema zamu yangu bado. Leo nimeiomba mwenyewe. Sitataja jina la mtu.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilipata kazi ya kupika chai kwenye kiwanja cha ndege ndogo, huku tambarare chini ya milima yetu, ambako wageni walikuwa wanaruka angani kwa miavuli. Baadaye wakanikabidhi redio. Ndege yetu ilipokaribia kuwaachia watu, niliwatangazia marubani wengine waliokuwa wanapita: watu wanaruka, wako mahali fulani, msipite hapo. Mtu anayening'inia kwenye mwavuli hawezi kuikwepa ndege, na rubani mwenye kasi humwona akiwa ameshamfikia. Wote wawili walitegemea maneno yangu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, aliyemwingiza kazini ni mimi. Alianza kwa kukunja miavuli, akajifunza kuruka, mwishowe akawa anawapiga wageni picha hukohuko hewani.

"Dada Redio, usisinzie leo!" alikuwa ananitania akipanda ndege.

"Punguza maneno, funga mikanda yako," namjibu.

Nilikuwa nimefundishwa kutaja mahali kwa maili na upande kutoka kiwanjani. Tangazo lenyewe la Kiingereza nililikariri vizuri, ila zile maili zilinichanganya. Rubani wetu alikuwa mwenyeji wa Same. Siku moja akaniambia, "Dada, maili za nini? Sema juu ya mnada. Nani asiyejua mnada?" Tukacheka. Mnada wa ng'ombe, jamani, nani asiyeujua? Hata marubani wawili watatu waliopita mara kwa mara waliujua. Tangu siku hiyo nikawa nasema mnada.

Kisha akaja rubani mgeni, akiwapeleka watalii hifadhini. Aliniita kabla hajafika, akaeleza anatokea wapi na yuko juu kiasi gani. Hivyo ndivyo rubani anavyotakiwa kufanya. Nikamwambia watu wanaruka juu ya mnada. Akajibu amesikia, anakaa mbali nao. Nikaweka redio chini, nikatulia.

Miavuli ilikuwa imeshafunguka nilipoona ndege ya yule rubani inakata kona kuja upande wetu. Niliita. Niliita tena. Bawa lilipita kwenye kamba za mwavuli wa mdogo wangu. Mgeni aliyekuwa anapigwa picha alitua mzima. Mdogo wangu tulimzika kijijini kwetu Mamba, huko milimani, pembeni ya shamba la tangawizi la mama.

Ndugu zangu, nawaambia sasa jambo ambalo sikuwaambia hata nyie mlionibembeleza. Wachunguzi walikuja. Rubani aliwaeleza kwamba alitajiwa mahali asipopajua. Wakaniuliza, "Ulitaja maili na upande kama ulivyofundishwa?" Nikasema, "Ndiyo." Neno moja tu hilo. Yeye akasimamishwa kazi, mimi nikapewa pole.

Miaka miwili ukoo wetu ulimlaani yule kijana. Mama alikuwa anamtaja kila akisali, nami niko pale pale, nimefumba macho, naitikia amina. Sikulewa wala sikuugua. Niliishi tu nikioza ndani kwa ndani, na watu wakasema ninamlilia sana mdogo wangu.

Siku moja yule rubani akapanda Mamba kwa bodaboda, amekonda, akapiga hodi kwa mama. Mama hakumpa kiti. Akasimama mlangoni akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilipoambiwa mnada nilipaswa kuuliza uko wapi. Niliona aibu kuuliza. Nikatazama chini, nikaona gulio kando ya barabara kuu pale Lembeni, mabati na watu tele. Nikadhani ndio huo. Nikageuza ndege nikae mbali nao."

Jamani. Alikuwa anawakwepa. Uangalifu wake ndio uliomleta kwetu.

Nilishindwa kukaa kimya tena. Nikasema, "Mama, huyu nilimwambia mnada. Maili sikutaja. Niliwadanganya wachunguzi."

Mama akanigeukia. "Kwa hiyo miaka miwili unaniacha namlaani mtoto wa mwenzangu, na ugali wangu unakula?"

Akaingia ndani. Miezi minne hakuongea nami. Hakuna aliyenikumbatia siku ile, msidhani ni hadithi ya namna hiyo.

Nilirudi kwa wachunguzi nikabadilisha maelezo yangu. Kazi nikafukuzwa, na ilikuwa haki. Kiwanjani sasa yupo aliyesomea redio. Anataja maili, upande na urefu, kisha rubani anarudia alichosikia, na wasipoelewana hakuna mtu anayeruka. Mambo mepesi hivyo. Yangewezekana siku zote.

Namshukuru mchungaji aliyenisindikiza kule ofisini kwa wachunguzi, na dada mmoja wa kikundi hiki aliyekuwa ananiletea mboga mlangoni bila kuniuliza chochote. Nimepona? Hapana. Nalala usingizi, basi. Nililojifunza ni hili: ukipewa kazi ya kuwaonya watu, sema kwa namna ambayo mgeni kabisa ataelewa. Na wewe unayeonywa, usipoelewa, uliza, hata wakikucheka.

Nimalize. Yule rubani nilimwomba aje leo. Ameketi humu ndani, na sitawaonyesha ni nani. Mama yangu naye yupo, mbele hapa. Uongo wangu niliukiri ofisini mbele ya watu wasiotujua, na nyie wa ukoo mkaendelea kumlaani. Sasa nausema mbele yenu. Mama, wazee, yule mtu aliita, alijibu, akageuza ndege ili asimguse mwanenu. Mwacheni.