Mafuta ya Mama Kabedi

Wapendwa baba na mama, ndugu wa kambi ya reli na wa kijijini, mimi Éphraïm, mtoto wake wa kwanza, enfirmie, muuguzi wa dispensari, nasoma maisha ya mama yetu Kabedi Léonie, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Alizaliwa karibu na Bukama mwaka 1900, akasoma katekisimu tu, akabatizwa Pasaka ya 1919, na tarehe 6 Februari 1921 akafunga ndoa na marehemu baba yetu Zacharie Kabongo, fundi wa reli, wakahamia Kamina mwaka 1928, Mungu akawapa watoto watano, tumebaki watatu.

Kazi yake mnaijua, maana wengi wenu vidonda vyenu vilipona mikononi mwake: alichuma kivumbasi kinapoanza kutoa maua, asubuhi kabla ya jua kali, akakianika kivulini siku mbili, akakipika kwa chungu na bomba la shaba alilopewa na baba, vile wengine wanavyopika lutuku, ile pombe kali ya mvuke, akakinga mafuta yaliyoelea juu ya maji.

Machi 1953 mzungu mmoja wa kemia alipita dispensari, akayapima, akakuta karibu nusu yake ni timoli, kitu kinachoua vijidudu, na kweli vijidudu vya usaha alivyovipanda katika kisahani vilikufa vyote. Akauliza nani ameyatengeneza. Mimi nilikuwa naomba karte ya évolué, ile ya Mwafrika anayehesabiwa ameelimika, watu wa serikali wangekuja kukagua hata nyumba, nikaona aibu kumtaja mama asiyejua kuandika, nikasema ni mimi. Mama aliposikia alicheka: “Aa, weye njo mwenye mafuta? Basi na kuchuma utachuma weye.”

Julai mzungu akaomba chupa nyingine. Kiburi kikanizuia kumuuliza mama, nikachuma majani makavu ya kiangazi, nikayaanika juani juu ya mabati, na mafuta yale hayakuua kitu, timoli ilikuwa kidogo mno, naye akaandika kwamba dawa ya Kamina ni bure, haifai kitu. Karatasi ile ipo mpaka leo. Mama hakuisoma, wala sikumwambia.

Aliugua mapafu tangu Mei, akatutoka Jumapili tarehe 14 Agosti 1955, saa nne asubuhi. Tunashukuru daktari na masista, majirani mliopika siku zote hizi, na ninyi wenzangu wa kazi, ambao kesho sijui nitawatazama vipi.

Mama, mafuta yaliyoua vijidudu yalikuwa yako. Yaliyoshindwa yalikuwa yangu. Lala kwa amani.