Pampu Iliyoshonewa Sketini

Jumanne, tarehe tisa Juni, asubuhi ya manyunyu. Ndani ya basi la kwenda uwanja wa ndege, fundi cherehani alijipapasa kiunoni mara kwa mara, hata mzee wa kiti cha jirani, mwenye mguu wa bandia, akamuuliza, "Mama, umeficha kuku?"

"Ni pampu yangu ya insulini," akanong'ona. "Nimeishonea ndani ya sketi. Walinzi wa ukaguzi wakinivua mbele za watu nitakufa kwa aibu, na wakinichelewesha, binti yangu atajifungua peke yake. Nimemwomba Mungu awapofushe walinzi wote."

"Walinzi wa ndege utakayopanda wewe mwenyewe?" Mzee hakujua kunong'ona, basi zima likacheka. "Anayeficha ndiye anayevuliwa, mama. Mimi hutangulia kusema mguu huu si wangu. Hunipeleka pembeni, hunipapasa, kisha hunitakia safari njema."

"Wewe huna haya."

"Haya niliizika pamoja na mguu."

Basi likasimama. Fundi akafumua mshono kwa kucha, akainuka, akawageukia abiria. "Mmeshasikia yote, basi kuweni mashahidi. Pale mlangoni nitasema mwenyewe, kwa sauti hii hii, kwamba nina kisukari na hii ndiyo pampu yangu. Nikinyamaza, nisemeeni."