Viti Tulivyojaza Upande wa Jua

Kethia, niwekee mto mgongoni, halafu kaa. Josué, hiyo simu ilaze mezani, hao wa chuo watasubiri. Na wewe Josiane, mke wa mwanangu, usikae huko jikoni kama mgeni. Njoo hapa ninapokuona, kwa sababu maneno ya leo nawaambia nyote lakini mengi ni yako. Nilifundisha darasa la nne kule Uvira miaka kumi na tisa kabla vita havijatutoa, na nimezoea kusema mpaka mwisho bila kukatizwa. Nivumilieni mara hii tu. Daktari ameshaniambia, na Kethia ni muuguzi, anajua kuliko anavyotaka kunionyesha.

Vitu vyangu si vya kuleta maneno. Gari achukue Kethia. Biblia ya mama yenu ni ya Josué, na aisome, asiifungie kabatini. Kile kiwanja cha Uvira mwachieni baba yenu mdogo, ameshajenga, watoto wake wamezaliwa pale, sitaki mtu wa kumpelekea karatasi kutoka Amerika. Hayo yamekwisha.

Sasa uwanja. Josué, Alhamisi unakwenda kusimama mbele ya wakubwa wa chuo unakofanya kazi kuwaambia kwamba uwanja wa mpira wa Kimarekani ukijengwa ndani ya chuo, watu watajaa. Uliniomba nitangaze kanisani ili watu wetu wavae fulana nyekundu waje kujaza ukumbi. Sikutangaza. Umenikasirikia wiki nzima, nimeona unavyoniwekea chai na kuondoka. Leo nakupa sababu.

Sisemi uwanja ni kitu kibaya. Timu yenu inacheza kwenye uwanja wa kukodi, dakika arobaini kwa gari kutoka kwenye mabweni, na mwanafunzi asiye na gari afike vipi? Kethia alisoma pale miaka minne, alikuwa akipanda treni na mabasi mawili kuja kutuona hapa Vickery Meadow, na hakuona mechi hata moja. Kama angefika kwa miguu, huenda angeona. Hilo nakubali, na wewe lisemee kwa nguvu, ni kweli. Lakini mimi nimekuwa pale kwenye maegesho ya uwanja huo, mwanangu. Nimeona watu elfu na elfu wamefungua mahema nyuma ya magari, wanachoma nyama, wamewasha televisheni, na mechi inapoanza hawaingii, wanaitazama pale pale kwenye televisheni, na mlango wanauona kwa macho. Hao umbali gani uliwazuia? Na sisi, akifa mtu wetu kule Alief, hatuendeshi gari saa nne nzima kutoka Dallas kwenda Houston, tena baada ya zamu ya ghala, kwenda kukaa kwenye viti vya msiba wa mtu ambaye wengine hata hatukumjua? Mtu huenda kwenye jambo analoliona ni lake. Mkijenga karibu, mwaka wa kwanza watakuja kuona rangi mpya, na baada ya hapo sijui, na wewe hujui, na ile picha iliyo kwenye kitabu chenu cha kuombea uwanja haijui.

Picha hiyo ndiyo iliyoniamsha niseme. Inaonyesha upande mzima wa uwanja umejaa watu wenye fulana nyekundu, na chini mmeandika kwamba jamii inaipenda timu. Watu wale ni sisi.

Josiane, ulikuwa Cedar Hill siku ile, unapika kwa ajili ya ubatizo wa mtoto, na mama yako Anastasie alikuwa amefika jana yake kutoka Alief. Josué alikuwa mgeni kazini, kwenye ofisi ya tiketi, na bosi wake alimwambia kamera zitatazama upande mmoja na upande huo usionekane mtupu. Akaniletea tiketi za bure, bunda zima. Mimi nikazichukua kama kadi za harusi. Sisi kiti cha mwenzetu hatukiachi wazi. Aliyekualika umemheshimu, aibu yake ni aibu yako. Nikatangaza baada ya ibada, nikaandika majina mia moja na arobaini na tatu, na ndani ya mabasi niliyaita kama darasani, mtu anajibu, naweka alama. Nilijivuna, nisiwafiche. Na mama yako nilimwita mwenyewe. Alisema anataka kubaki kukusaidia kumenya ndizi. Nikamwambia, «Mama Josiane, njoo, mkwe wako ana shughuli.» Angekataaje? Mimi ni baba wa mume wa binti yake. Alivaa ile fulana juu ya kitenge chake akaja.

Ilikuwa Septemba, saa nane mchana. Maji tuliyaacha mlangoni, ndiyo sheria yao. Tulikaa juu kabisa, upande wa jua, kwenye mabenchi ya chuma, tunatazama watu wenye kofia ngumu wakigongana, wanasimama, wanagongana tena, na hakuna aliyejua nani anashinda.

Nipe maji, Kethia. Kidogo.

Nilipokuambia, Josiane, kwamba mama yako alikufa akicheka, nilikudanganya.

Kaa kimya, Josué. Nimekaa kimya pamoja nawe miaka minne, inatosha.

Alikuja mpaka nilipokaa. Akasema, «Mwalimu, jua limenishinda, kichwa kinazunguka, naomba ruhusa nishuke kivulini.» Aliomba ruhusa, mama mtu mzima, kwa sababu ya heshima ya ukwe. Na Josué alikuwa amenipigia dakika ile ile kwamba mpiga picha anapanda. Nikamwambia, «Vumilia kidogo, Mama Josiane, wakishapiga picha utashuka.» Akarudi akakaa. Dakika ishirini, labda zaidi. Picha ilipigwa. Nilipogeuka kumwita ashuke, alikuwa ameegemea bega la jirani yake, na jirani alidhani amelala.

Ulinipigia simu ukaniuliza jambo moja tu, kama mama alisema chochote. Nikasema hakusema kitu, alikuwa anacheka na wenzake, Mungu alimchukua vizuri. Ukalia, ukasema asante Papa. Ukaliandika kwenye kitabu cha mazishi, ukawaambia watu wa Alief, unamwambia mtoto mpaka leo. Kila unapolisema mbele yangu nainuka mezani. Josué alijua. Nilimwambia siku ile ile, akasema tukikuambia nyumba yake itavunjika na kazi itakwenda, na mimi nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kunikubalia. Aliyemwambia akae ni mimi. Usimgawie mumeo sehemu yangu. Yake ni kunyamaza, nayo ni kubwa ya kumtosha.

Na Alhamisi wanataka kuonyesha picha ile. Yumo, Josiane. Mstari wa pili kutoka juu, ameinamisha uso. Ukiangalia vizuri utaona mkono wake umeshika shingo.

Basi haya ndiyo maagizo yangu. Josué, iondoe picha hiyo kabla ya mkutano. Uwaambie watu wale waliletwa kwa mabasi, hawakuja kwa kupenda mpira, na mmoja wao hakurudi. Kama watajenga uwanja wao baada ya kusikia, wajenge. Wakikufukuza, unayo mikono, maghala yapo, mimi nilibeba maboksi nikiwa na miaka sitini. Kethia, yale majina mia moja na arobaini na tatu yako kwenye daftari la buluu, ndani ya sanduku. Nenda kwa kila mtu, nyumba kwa nyumba, mwambie Mwalimu alikosa. Usitume kwa simu.

Josiane, kwako sina agizo. Sikuombi unisamehe, maana ukiombwa na mtu anayekufa utaona aibu kukataa, na mama yako alikufa kwa kuona aibu kunikataa mimi. Kukataa ni haki yako. Usiponizika, hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuuliza.

Pumzi inaniishia. Ngojeni.

Mungu awape... awape kusema mapema, wanangu. Awape watoto wasiowaogopa. Kethia, akulinde kwenye zamu zako. Josué, akupe kifua cha kusimama Alhamisi. Na mjukuu wangu...

Nani amesimama? Ni Josiane? Josué, mwachie mkono. Mwachie, nimesema. Kethia, sogea mlangoni, apite. Josiane, binti yangu, Mungu akutangulie huko uendako, hata kama... hata kama hutaki itoke kinywani mwangu.

Sioni vizuri. Kethia, ameondoka? Amesema chochote?