Afadhali Mkali Kuliko Kiziwi

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, katika darasa la pili la shule ya mazoezi iliyo nyuma ya chuo chetu hiki cha ualimu. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu somo la hesabu lilianza saa tatu kamili, na katika mpango wangu wa somo nilikuwa nimeandika kwamba dakika ya kumi nitaugeukia ubao. Nikageuka. Nyuma yangu mtoto wa kike wa miaka minane akasimama, akaomba ruhusa ya kwenda nje.

Aliomba mara tatu. Hilo niliambiwa baadaye, maana mimi sikumsikia. Mara ya tatu nilimwona amesimama, midomo inacheza, nikadhani ananipa jibu la hesabu. Nikamwambia, "Vema. Kaa chini." Watoto wa kwetu wamefundishwa kumtii mkubwa. Akakaa, na pale alipokaa akajikojolea mbele ya wenzake wote.

Ndugu zangu, wanafunzi mnaoanza chuo leo, nanyi wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kamati imeniomba niseme jinsi nilivyoanguka katika chuo hiki na jinsi nilivyoinuliwa. Sitataja jina la mtu. Na ninyi mlio mkono wangu wa kulia, mwenye swali asubiri nisogee upande wake. Sikio hilo halifanyi kazi.

Mimi ni Mzigua, nimezaliwa upande wa Pangani. Shule niliishia darasa la nne. Kisha nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha mkonge, kando ya korona, ile mashine inayokwangua majani hadi yabaki nyuzi. Mtu anayesimama karibu na korona haongei. Anaonyesha kwa mikono. Jioni nilikuwa nasoma. Nilijifundisha sehemu na desimali, nikajifundisha Kiingereza kwa kamusi kuukuu iliyokosa kurasa za mwisho. Shule ya pale shambani ilipokosa mwalimu, wakaniweka mimi. Nilifundisha miaka minne bila cheti. Ndipo nikaletwa hapa kwa mafunzo ya mwaka mmoja, na nikaambiwa wazi: nikirudi bila cheti, darasa atapewa mwingine. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Bwenini waliniita babu.

Nawaambia ukweli, nilijua kwamba sisikii vizuri. Nilichofanya ni kuficha, na nilificha kwa kutumia adabu. Mnajua desturi yetu. Mtu akisema neno usilisikie, unamwomba arudie mara moja. Ukimwomba mara ya pili unamchosha. Mara ya tatu unamvunjia heshima, tena akiwa mwalimu. Basi mimi nilikuwa naomba mara moja, kisha najibu, "Naam, bwana." Siku moja niliulizwa sita mara nane ni ngapi nikajibu naam. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, ili waone kuwa nilikusudia mzaha.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Msimamizi wa mazoezi alikuwa ameketi nyuma ya darasa na daftari lake. Somo lilipokwisha akanisomea alichoandika: kwamba mimi ni mkali kupita kiasi na simhurumii mtoto. Akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nikaimeza. Nilipiga hesabu hivi: mwalimu mkali hukanywa akarekebika, lakini kiziwi hurudishwa kwao. Nikachukua kalamu, nikatia sahihi kwamba mimi ni mkatili.

Hesabu ile ilikuwa na kosa. Baada ya siku tatu nilipewa barua. Baraza la walimu lingekutana Ijumaa ya juma lililofuata kuamua kama nafaa kukaa na watoto. Bwaloni watu waliacha kuniita babu, hawakuniita chochote. Nikaanza kufunga sanduku langu.

Katikati ya mambo hayo mjomba wangu akafariki, pale Pongwe. Nikapewa ruhusa ya kwenda kumzika. Siku ya tatu, siku ya hitma, wenzangu wanne wa bweni wakaja kunipa pole. Mmoja wao alikuwa Mnyamwezi, ambaye baba yake aliletwa huku kukata mkonge. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mnajua kazi ya mtani msibani: husema lisilosemwa, na mfiwa haruhusiwi kukasirika.

Watu walipokwisha kula, mtani yule akavuta kiti, akakaa katikati ya ua, akakunja uso kama wangu. Akamwita mwenzake aje kumpigia kelele kwamba nyumba inaungua. Yeye akajibu, "Vema. Kaa chini." Mwenzake akasema moto umefika mlangoni. "Naam, bwana. Kaa chini." Akaambiwa kanzu yake imeshika moto. Akajipangusa taratibu, akasema jibu ni sahihi. Kina mama wakacheka hadi wakashika mbavu. Shangazi yangu mmoja akasema huyo ndiye mimi kabisa, hata shingo ni yenyewe. Mimi nilikuwa nimeinama.

Kisha mtani akasimama, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. Alikuja upande wangu wa kushoto. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amenichunguza siku nyingi.

"Jamani, Mzigua huyu si mkali. Ni kiziwi. Amekubali mtoto wa watu amchukie, mradi asiitwe kiziwi."

Ndugu zangu, maneno hayo angeyasema mtu mwingine yeyote, ningeondoka na nisingesema naye tena. Lakini kwa mtani hakuna njia ya kuondoka. Desturi inakutaka umlipe. Nikatia mkono mfukoni, nikampa senti hamsini. Akaipokea, akaiuma kama anayeipima, kisha akaketi karibu nami akaniuliza kwa upole sikio lipi lina nafuu. Nikasema la kushoto, kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa mdomo wangu. Nililia, na watu wakadhani namlilia mjomba. Nilikuwa namlilia pia.

Siku ya pili yake tulikwenda pamoja kwa mkuu wa chuo. Nilimweleza yote, tangu korona hadi sahihi niliyotia. Akauliza, "Mbona hukusema?"

Nikamjibu, "Bwana mkuu, sikuona mahali pa kusemea."

Hakunikemea. Aliandika maneno hayo kwenye karatasi, nikaona mkono wake ukiyaandika. Akasema atayapeleka barazani, ila kuna mtu mmoja wa kuonana naye kabla ya baraza. Nilimjua ni nani.

Mama wa mtoto yule anakaa Usagara. Nilimkuta uani anakuna nazi. Hakunikaribisha kiti. Alisema mwanawe hataki tena shule, kwamba wenzake wamempa jina ambalo hawezi kulitamka mbele yangu. Nikamwambia sikusikia, na kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli siku ileile lakini sikuitumia. Akaniuliza, "Sasa wewe mwalimu mzima, uliona aibu yako ni kubwa kuliko ya mwanangu?" Nikasema ndivyo nilivyofanya.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema, "Mimi nilidhani hunipendi."

Alirudi shule Jumatano. Mbele ya darasa lote, msimamizi akiwa pale, niliwaambia watoto kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba sikio langu ni bovu, na kwamba kuanzia siku hiyo anayetaka kutoka asiniombe kwa maneno. Aje aguse meza yangu, atoke. Msimamizi alifungua daftari lake, akaufuta ule mstari ulioniita mkali.

Ijumaa baraza likakutana, nikabakizwa. Mambo waliyoamua hayakuwa makubwa. Nilipewa dawati la mbele, upande wa kulia wa darasa, ili sikio langu la kushoto lielekee kwa mwalimu. Walimu wakaombwa wasiseme huku wameugeukia ubao. Mtani wangu akapewa karatasi za kaboni. Alichoandika yeye darasani, nakala ilikuwa yangu. Na stoo iliyo kando ya bwalo ikatolewa mikeka ya zamani, ikawekwa meza moja na viti viwili, iwe mahali pa kusemea, kila Alhamisi baada ya alasiri, pamoja na mwalimu mmoja aliyejitolea.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Alhamisi ya kwanza tulikuwa watu watano. Yuko aliyekuwa haoni ubaoni na akinakili kwa jirani, akapigwa kwa kunakili. Yuko mwenye mguu mfupi aliyekuwa hanywi maji kutwa, kwa sababu ngazi za chooni zilimshinda. Wote walikuwa wakijibu naam, kila mmoja kwa namna yake.

Nilipata cheti changu. Nafundisha shule ileile ya shambani, na watoto wangu wanaijua meza yangu.

Namshukuru mkuu wa chuo, aliyeuliza badala ya kuhukumu. Nawashukuru wenzangu wa bweni, na yule mama wa Usagara, aliyeniambia ukubwa wa kosa langu bila kulipunguza. Mtani wangu simshukuru, maana mtani hashukuriwi, hulipwa.

Kwenu mnaoanza leo nina neno moja. Usimwachie mtu mwingine abebe kilema chako. Ukikificha, kitamwangukia mtu, na mara nyingi humwangukia mdogo asiyeweza kujitetea. Kile chumba bado kipo, kando ya bwalo. Kama mnafikiri kwamba kumsaidia mtu kama mimi ni kukitwisha chuo mzigo, jueni kwamba nilitunza hesabu ya gharama yake tangu siku ya baraza hadi siku ya cheti: karatasi, kaboni, wino, na fundi aliyetengeneza ile meza. Jumla ni shilingi kumi na nne na senti themanini tu.