Kizibo cha Sitaki Maneno

MAIMUNA: Haloo, nani mwenzangu?

SEVERINE: Haloo! Haloo! Hapo ni kwa mwenye boti ya Sitaki Maneno?

MAIMUNA: Kwenu hamsalimiani?

SEVERINE: Aa— shikamoo, mama.

MAIMUNA: Marahaba. Sasa jitambulishe.

SEVERINE: Naitwa Severine, nauza nyavu Kariakoo. Namba yako nimeisoma hapa ubavuni mwa boti. Mama, mnataka kunitapeli! Boti mbovu hii, inazama—

MAIMUNA: Inazama wapi? Boti yangu iko nchi kavu, chini ya turubai.

SEVERINE: Turubai tumelitoa. Tupo Feri na Mzee Abdulatif, ndiye anayeniuzia. Tumeishusha tuijaribu kwanza ndiyo nimlipe, na sasa maji yapo kwenye vifundo vya miguu!

MAIMUNA: Abdulatif!

SEVERINE: Haloo? Mama, mtandao unakwaruza—

MAIMUNA: Nakusikia. Abdulatif ni shemeji yangu, na boti ni yangu. Nimetangaza kuiuza, ni kweli. Lakini yeye sikumtuma kuuza hata ndoana.

SEVERINE: Duh! Mimi kaniambia mwanamke hauzi chombo, eti kinauzwa na wanaume wa ukoo.

MAIMUNA: Na mwanamke hukisugua? Hao wanaume wa ukoo walikuwa wapi nilipokuwa nikiiosha kwa maji baridi kila inaporudi kutoka baharini? Nani kati yao aliyeziba mikwaruzo kwa gundi ya faiba, kisha akaipiga msasa hadi kucha zikalika?

SEVERINE: Sasa mzee wako yeye—

MAIMUNA: Tuzungumzie boti.

SEVERINE: Samahani, mama. Lakini kama imetunzwa hivyo, mbona inavuja?

MAIMUNA: Haivuji. Boti ikikaa nchi kavu huondolewa kizibo cha sakafuni, ili maji ya mvua yapate pa kutokea. Mwenye boti hukirudisha kabla ya kuishusha majini. Kizibo kimo mkobani mwangu, hapa Mchafukoge.

SEVERINE: Mungu wangu! Yaani tumeshusha boti ina tundu wazi?

MAIMUNA: Mmeishusha ninyi. Mimi nilikuwa napika.

SEVERINE: Ngoja, mzee anapiga kelele humu ndani. Anasema nisikusikilize, boti ni yake, aliinunua na marehemu kaka yake.

MAIMUNA: Vema sana. Mwulize tundu la kizibo liko wapi.

SEVERINE: Mzee! Tundu la kizibo liko wapi? [kelele za watu] Anatazama… Kaenda mbele. Anapapasa chini ya benchi. Mama, sasa anaonyesha pale inapofungwa kamba ya nanga!

MAIMUNA: Umejibiwa.

SEVERINE: Nimejibiwa. Wabeba samaki wote huku wanacheka.

MAIMUNA: Wacheke, kisha wasaidie. Tundu liko nyuma kabisa, chini ya injini. Lizibeni kwa kitambaa, mkisokote kwa nguvu, mkaivute hadi mchangani. Ubavu wangu usikwaruzwe na mawe.

SEVERINE: Jamani, kitambaa! Nyuma, chini ya injini! … Tundu limezibika, mama. Kumbe chombo kizima kabisa! Basi tumalizane mimi na wewe, si utanipunguzia kidogo? Maana imeshaingia maji—

MAIMUNA: Boti kuingia majini si hasara, Severine. Bei ni ileile niliyoitangaza. Tena utanilipa mimi, mkononi mwangu, mbele ya huyo anayesema mwanamke hauzi chombo.

SEVERINE: Sawa, mama. Nakusubiri. Mzee anataka kushuka, anasema ana udhuru Upanga—

MAIMUNA: Asishuke!

SEVERINE: Mama, salio langu linakwisha—

MAIMUNA: Basi sikiliza upesi. Kichwani amevaa nini?

SEVERINE: Kofia. Nzuri, ya kushonwa kwa mkono.

MAIMUNA: Niliishona mimi. Mwambie ayachote maji kwa kofia hiyo hiyo mpaka nifike na bajaji. Nikikuta hata tone moja, siuzi.

SEVERINE: [anacheka] Mzee Abdulatif, umesikia? Kwa kofia! … Hataki. Anaitazama namba yako hapa ubavuni— ah! Mama, ameivua kofia, anacho—