Fomu ya Mzee Salehe

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Msinitazame hivyo. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo hata sasa silielewi vizuri.

Wengi mnanijua, mimi ni binti wa kijijini Kisanga. Kazi yangu ni kuongoza kikosi cha serikali kinachowapima mafundi umeme na wakandarasi kabla ya kupewa leseni. Nilisifika kwa ukali. Fundi akiacha hata skrubu moja imelegea, nilimrudisha nyumbani, na nilijiona mtu wa haki kabisa. Kumbe!

Siku moja pale Kilosa mjini, akaingia Mzee Salehe kufanya mtihani. Ndugu zangu, huyu ndiye aliyefunga umeme nyumbani kwa mama yangu, ndiye aliyenishikisha bisibisi nikiwa msichana wa shule. Nikainuka kitini. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Ukali wote ukaniishia hapo hapo. Sasa, kanuni yetu ni hii: fundi hagusi waya kabla ya kuupima kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa, hata akiambiwa umeme umezimwa. Mzee akaiacha testa mezani, akaugusa waya kwa mgongo wa kidole, kama walivyozoea mafundi wa zamani. Hilo ni kosa la kumfelisha mtu palepale. Nami nikasaini fomu yake, nikamkabidhi: amefaulu!

Kwa nini? Sijui. Heshima? Woga? Nilijiuliza tu, mtoto anamfelishaje mzazi wake?

Tukaondoka kwenda Mikumi kupima kundi lingine. Tulipofika Zombo, Dada Neema, mwenzangu kikosini, akaniuliza taratibu, "Bosi, yule mzee akiuawa na umeme, utaenda msibani kama nani?" Nikaomba kimoyomoyo, Bwana nionyeshe, Bwana nionyeshe, na sikuonyeshwa kitu. Ndugu zangu, nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe jambo nililokwisha kuliona kwa macho yangu! Nikamwambia dereva ageuze gari.

Tulimkuta mzee uani kwake, pale pale Kilosa. Nikamwamkia, nikamwamkia tena, nikamuulizia hata kuku wake. Dada Neema ni mtani wa kabila lake, na mtani haoni haya. "Wewe mzee, unapima umeme kwa kidole kama unaonja mchuzi! Ukifa, sisi watani tutakuzika na testa mkononi!" Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile fomu. "Mwanangu, nilijua nimekosea. Nimekaa hapa nashangaa, sijui wewe uliona nini." Nikalia mbele yake. Akasema atatufuata Mikumi arudie mtihani.

Akaja kweli. Nilizima swichi kwa mkono wangu mwenyewe. "Nimezima, mzee, endelea." Akachukua testa, akaijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, taa yake ikawaka. Akaigusisha kwenye waya wa mtihani. Ikawaka tena! "Mwanangu, umeme upo." Nikambishia! Mbele ya watu wote nikambishia, mpaka Dada Neema alipokwenda kuangalia. Jengo lilikuwa geni kwangu, kumbe nilikuwa nimezima swichi ya chumba cha pili.

Fikirini, ndugu zangu. Mzee wangu angekufa, na aliyemwambia endelea ni mimi.

Sasa niambieni. Mungu alinirudisha Kilosa ili mzee asife, au ili mimi nisiue? Na kama nisingemrudishia mtihani, si asingekuwapo Mikumi kabisa? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Ninachojua, mzee anaswali swala zake tano mpaka leo, na mimi nalala usingizi. Asante, Yesu!

Wewe uliyekaa hapo umechanganyikiwa, usisubiri mpaka uelewe ndipo umtumaini. Lile dogo unalojua ni kweli, lifanye leo. Mimi nilidhani naenda kumwaibisha mzazi wangu, kumbe nilikuwa naenda kumfundisha asiniamini, na ndiyo maana yu hai. Amina!