Laini Kwenye Kisahani

Kijiwe cha Qali kiko nyuma ya soko la mifugo la Garissa, ubavuni mwa lori lililokufa zamani; ubao wake wa nyuma ndio benchi. Kahawa ya tangawizi humiminwa hapo tangu adhuhuri, na kila mtu ana jina la kupewa. Siku hiyo Adow, dalali wa mbuzi aitwaye Mizani kwa sababu hukisia kilo kwa jicho, alikuwa na simu mbili mapajani na wasiwasi mmoja rohoni. Moja ilikuwa androidi yake kuukuu, kioo kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Ya pili aifoni mpya, aliyotumiwa na bintiye Ugbad aliyejifungua ughaibuni wiki hiyo; ilifika jana mkononi mwa msafiri. Laini alikuwa nayo moja tu. Aliichomoa asubuhi, akaiweka kwenye kisahani cha kahawa, na sasa akawauliza wenzake: niiingize wapi?

Ilikuwa kama kuwamwagia kuku mtama.

— Aifoni, mzee, bila kufikiria! alisema Jelle, kijana fundi wa simu, ambaye hapo kijiweni ni Apdeti. Hiyo ni boma ya miiba. Lango moja, kila programu inakaguliwa. Fisi hapiti.

— Na mbuzi wako akitaka kutoka? akauliza Abdirahim, dereva mstaafu wa malori aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Androidi ni malisho wazi. Programu unaokota popote, chaja unaazima popote. Hata kule Modogashe, muuza miswaki ana chaja ya simu yangu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe chaja.

— Walisema jembe, adeer, Apdeti akamsahihisha mzee huyo.

— Jembe inachaji nini?

Adow alicheka hadi kahawa ikampalia. Lakini moyo wake haukutulia. Ndani ya androidi mlikuwa na makundi yake yote ya wauza mbuzi, kuanzia Banissa hadi hapa. Kuiacha aliona kama kumfukuza ngamia aliyembebea maji miaka mingi.

— Makundi yatahama na wewe, Apdeti akamtuliza. Programu ni zile zile. Lakini aifoni inakutambua kwa uso!

— Uso gani? Redio akaruka. Ijumaa Mizani anapaka ndevu hina. Simu itaona mtu mwekundu, itasema huyu simjui, leta wazee wa ukoo wathibitishe!

— Haiangalii ndevu!

— Kwani hiyo macho matatu nyuma ni ya nini? Ya kwanza inaona sura. Ya pili inaona ukoo. Ya tatu inaona nia. Ukidanganya uzito wa mbuzi, betri inashuka.

— Basi ya Mizani itazima saa tatu asubuhi, akasema Qali akimimina kahawa.

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Qali naye akanogewa.

— Mimi naona aifoni ni ngamia. Maringo mengi, lakini inavumilia. Androidi ni mbuzi, inakula kila kitu hadi karatasi.

— Ndiyo maana memori inajaa! Apdeti akapiga goti. Haba na haba!

Hapo akatokea mwanamke mwenye vumbi la safari hadi kwenye nyusi, fimbo mkononi. Nyuma yake mbuzi arobaini walikuwa wamekusanyika kivulini mwa lori.

— Assalamu alaikum. Mimi ni Weris, nimetoka Diff. Adow dalali ni nani? Nakupigia tangu asubuhi, hupatikani.

Wote wakatazama kisahani. Adow akaeleza kwa haya kwamba amepata mjukuu wa kike na anachagua simu ya kumwonea.

— Mashallah! akasema Weris. Mtoto anaitwa nani?

Adow alihisi masikio yakimwaka moto. Tangu habari za uzazi zimfikie, alikuwa ameulizia chaja, memori na kamera. Jina hakuuliza.

Akaikwapua laini, akaisukumiza kwenye androidi, kwa kuwa ndiyo ambayo mkono wake uliijua. Jumbe zikaanza kugonga kama mvua juu ya bati. Kumi na moja za Ugbad. Akabonyeza ya mwisho, ya sauti.

— Aabo, uko wapi? Kesho ni siku ya saba, tunachinja. Tumekubaliana jina utoe wewe. Bado hatujamwita kitu. Tunasema tu “mtoto”.

Adow akapiga kwa video. Kwenye kioo kilichopasuka kikatokea kiuso kidogo kilichokunjamana.

— Mwite Aifonia! akapaza Redio.

— Apdetina! akadakia Apdeti.

Adow aliinua mkono wakanyamaza. Alimfikiria mama yake, aliyewavusha wanawe ukame kwa maziwa ya mbuzi mmoja.

— Barwaqo, akasema. Yaani neema.

Ugbad aliinama akamnong'oneza mtoto jina lake. Mtoto akapiga chafya. Qali akaachia vigelegele virefu, na mbuzi arobaini wa Diff wakashtuka, wakatimka pande zote za soko. Weris akawakimbilia, Redio akamfuata akishikilia shuka lake, Apdeti mbele yao. Adow naye alikimbia, simu ameiinua juu ya kichwa, akimwonyesha Barwaqo mbuzi.